Bukavu: mji wa mapumziko, na sisi watu wa mgodi

Ndugu msomaji, na wewe mama unayesoma gazeti hili ukingoja sombe iive, ukikaa jioni na wazee wa Walikale siku moja utasikia neno hili: "Ile mwaka nilishuka Bukavu." Mzee hasemi "nilipanda". Anasema "nilishuka", hata kama Walikale iko chini msituni na Bukavu iko juu kwenye baridi. Kwake, mtu alikuwa akishuka kwenda pahali penye kalamu, mihuri na wakubwa.

Mpaka mwaka 1988 Bukavu ilikuwa kichwa cha Kivu yote. Mtu wa Masisi mwenye kesi ya shamba, mwalimu wa Walikale aliyengoja mshahara, mfanya biashara wa Kindu aliyetaka karatasi, wote njia yao ilimalizikia kule. Mwaka ule Kivu iligawanywa vipande vitatu: Kivu ya Kaskazini ikapewa Goma, Kivu ya Kusini ikabaki na Bukavu, Maniema ikabaki na Kindu. Tangu hapo vijana wetu wanajua Goma zaidi. Bukavu imebaki jina katika masimulizi: mji mzuri, mji wa maua, mji wa wapole.

Mwezi huu tuzungumze juu ya mji huo. Si kwa ajili ya kusifu tu. Kuko jambo ndani yake linalotuhusu sisi tunaokula kwa jasho la koltani na kasiteriti. Utaliona mbele.

Vidole vitano ndani ya maji

Uchukue mkono wako wa kuume, uupanue, uweke vidole ndani ya beseni ya maji. Ndivyo Bukavu inavyokaa. Mlima unashuka mpaka Ziwa Kivu, kisha nchi inaingia ndani ya maji kwa vidole vitano. Kimoja kinaitwa La Botte, maana yake buti, kwa sababu ya umbo lake. Vingine ni kama Muhumba na Nyalukemba. Kati ya kidole na kidole kuko ghuba ndogo ya maji ya kimya. Ukisimama mahali fulani barabarani unaona maji kuume, na ukigeuka unaona maji kushoto.

Ziwa lenyewe liko juu, karibu metre 1460 kutoka usawa wa bahari. Ndiyo maana hewa yake ni ya baridi, na mbu si wengi kama kule chini msituni. Mamba hawamo. Maji yanatokea upande wa kusini, palepale Bukavu, kwa mto Ruzizi, ambao unashuka kwa nguvu mpaka Ziwa Tanganyika. Ng'ambo ya Ruzizi ni Rwanda.

Lakini ziwa hili lina siri yake. Linashuka mpaka karibu metre 485, na kule chini kuko gazi mingi zilizofungwa na uzito wa maji. Ninyi wa Sake mnajua ndugu mdogo wa gazi hizo: mazuku, ile hewa mbaya inayolala katika mabonde na kuua mbuzi, hata mtoto, bila kelele. Basi uzuri na hatari vinalala kitanda kimoja. Uweke neno hilo moyoni, tutalirudilia.

Jina la mtu aliyekufa

Kabla ya mzungu, kilima kile kilikuwa cha Bashi, watu wa ng'ombe na migomba. Watu husema jina Bukavu linatoka katika neno la Mashi, nkafu, yaani ng'ombe: pahali pa ng'ombe.

Mzungu wa kwanza kufika Ziwa Kivu alikuwa Mdachi, Gustav Adolf von Götzen, mwaka 1894. Kiisha Wabelgiji na Wadachi wakagombania ziwa kwa miaka mingi, kila mmoja akiweka askari wake upande wake. Mwaka 1910 walikaa kule Brussels, mbali sana na sisi, wakachora mpaka. Kisiwa cha Idjwi kikawa cha Kongo. Hakuna mtu wa Idjwi aliyeulizwa.

Wabelgiji walikuwa wameweka kituo chao penye Nyalukemba. Mwaka 1927 wakakiita Costermansville, kwa ukumbusho wa Paul Costermans, ofisa aliyekuwa mkubwa wa nchi za Ruzizi na Kivu, na ambaye alikufa mwaka 1905. Basi mji ukabatizwa jina la mtu aliyekuwa amekufa zamani. Mwaka 1933 Costermansville ikawa kichwa cha jimbo lake. Jina la Bukavu likarudi katika karatasi za serikali kati ya miaka ya 1950, kabla ya uhuru. Midomoni mwa watu halikuwa limeondoka.

Kwa nini walikuja kupumzika?

Hapa inatupasa kwenda Ulaya kidogo.

Zamani, watu wa Ulaya hawakupenda kukaa kando ya maji makubwa. Bahari ilikuwa ya wavuvi na ya dhoruba. Kule Uingereza, kati ya miaka ya 1750, daktari Richard Russell aliandika kwamba maji ya bahari yanaponya magonjwa. Wenye mali wakaanza kukimbilia kijiji cha wavuvi ambacho leo kinaitwa Brighton. Mwaka 1841 reli ya kutoka London ikafika pale, na wafanyakazi wa kawaida nao wakaja na chakula chao katika vikapu. Basi wale wenye mali wakatafuta miji mingine ya kando ya bahari, ya kimya, yenye nyumba kubwa, majani yaliyokatwa vizuri, na sheria mingi juu ya kelele. Mmoja wa miji hiyo, Frinton, ulikaa bila baa hata moja mpaka mwaka 2000. Unasikia vizuri: mwaka 2000! Upole wa mji ule ulikuwa pia namna ya kufunga mlango.

Wabelgiji walikuja Kivu na mawazo kama hayo. Walichoka na joto la Kinshasa na la Kisangani, miji waliyoiita Léopoldville na Stanleyville. Kivu ikawa kwao Uswisi ya Afrika: milima, ziwa, baridi, strawberi, maua. Tangu mwaka 1928 kulikuwa na Comité National du Kivu, iliyogawia wazungu mashamba. Walipanda kahawa, chai, pareto, na mti wa kinkina unaotoa kinini, dawa ya malaria.

Halafu vita ikaja. Mwezi wa tano 1940 Wadachi wakaingia Ubelgiji. Wazungu wa Kongo hawakuweza tena kwenda kwao kupumzika. Wakaenda wapi? Wakaja Kivu. Hoteli zikajaa, nyumba zikapanda kwenye vidole vile vitano, kila moja na barza yake inayoangalia maji. Nyumba mingi zilikuwa za mtindo wa wakati ule: pembe za mviringo, madirisha marefu, paa zilizolala. Hata leo ukipita barabara kubwa ya katikati, ambayo zamani iliitwa Avenue Royale na leo ni Avenue Patrice Lumumba, unaona kuta hizo bado zimesimama, rangi imebanduka, lakini mgongo wake ni wima, sawa mzee aliyevaa koti yake ya ndoa.

Nani aliyelipa?

Msomaji mpenzi, hakuna mji unaojengwa kwa hewa nzuri tu. Kila barza ina mtu aliyeilipa. Na hapa ndipo jina lako na langu linaingia.

Wakati wa ile vita, Wajapani walikamata nchi ya Malaya, mwaka 1942, na bati ya Malaya ikakatika. Waingereza na Wamarekani walihitaji bati kwa silaha na kwa mikebe ya chakula cha askari. Wakaigeukia Kongo. Kasiteriti ya Maniema na ya Kivu, pamoja na ile ya misitu ya Walikale, ikatafutwa kwa nguvu. Mwaka huohuo serikali iliongeza siku za kazi ya lazima kwa watu wa vijiji: kutoka 60 ikawa 120 kwa mwaka. Hesabu wewe mwenyewe. Ni theluthi moja ya mwaka mzima. Mtu alipaswa kutafuta mpira porini, kulima kilichoamriwa, kutengeneza barabara. Shamba lake mwenyewe likamea majani.

Katika Masisi mambo yalikuwa mengine, lakini uchungu ulikuwa mmoja. Nchi nzuri za milimani zilikatwa kuwa mashamba ya wazungu, na tangu 1937 serikali ikaleta familia mingi kutoka Rwanda ili kupata mikono ya kazi na kupunguza watu kule. Haikuuliza vizuri wenyeji, wala haikuwaeleza vizuri wale waliokuja haki yao itakuwa gani. Mbegu ya ugomvi ilipandwa ofisini, na wajukuu wa pande zote wamevuna machozi.

Mwaka 1944, kati ya mwezi wa kwanza na wa tano, watu wa Masisi na wa Lubutu waliasi. Walioongoza walikuwa wafuasi wa Kitawala, na mkubwa wao aliitwa Bushiri, mtu wa Bakumu. Alihubiri kwamba wakati wa mzungu umekwisha. Watu waliochoka na mpira na migodi wakamsikiliza. Serikali ikatuma askari. Watu wengi sana waliuawa, na wengine walifungwa na kupelekwa mbali.

Sasa uweke picha mbili pamoja. Mwaka mmoja, jimbo moja. Kule Costermansville bibi mmoja anakunywa chai kwenye barza, anaangalia mitumbwi ikirudi, anamwandikia dada yake kwamba hapa ni paradiso. Na huku katika msitu wetu mama anakimbia usiku na mtoto mgongoni. Bibi yule pengine hakuwa mtu mbaya. Pengine hakujua lolote. Mji wa mapumziko umejengwa hivi: mwenye kupumzika asione mwenye kuchoka.

Mji wenye mistari

Hata ndani ya mji wenyewe kulikuwa mistari. Vidole vya kando ya maji, Ibanda, vilikuwa vya wazungu. Nyuma, juu ya mlima, Kadutu ilikuwa ya watu weusi. Boyi, mpishi, mlinzi na karani walishuka asubuhi, wakapanda jioni. Usiku, mtu mweusi aliyekutwa katika mtaa wa wazungu bila karatasi alifungwa. Tangu 1948 kulikuwa kadi ya wale walioitwa "wastaarabu". Ili kuipata ulipaswa kuonyesha kwamba unakula mezani, kwamba nyumba yako ni safi, kwamba una mke mmoja. Mwanaume mzima, baba wa watoto, akaguliwe sahani zake!

Kuko pia jambo la kusema kwa haki. Mwaka 1952 serikali iliunda shirika la kujenga nyumba za Waafrika, na Bagira ni moja ya miji iliyojengwa nalo: nyumba za matofali, barabara zilizonyooka, shule na soko vilivyopangwa mapema. Kwa miaka hiyohiyo Ruzizi ilijengewa kiwanda cha umeme. Waliojenga Bukavu walijua kitu kimoja ambacho sisi tunakisahau: mlimani, maji ya mvua ni mkubwa kuliko chifu. Kwanza walitengeneza njia ya maji, kiisha barabara, kiisha nyumba. Mahali penye mteremko mkali waliacha miti tu.

Tabia ya mji

Uhuru ulipofika 1960, mistari ile ikafutika kwa karatasi. Watu wa Kadutu wakashuka, na mji ukawa wa wenyewe. Na tabia yake ikaonekana.

Ya kwanza ni shule. Bukavu ni mji wa kalamu. Kwa miaka mingi wazazi wa kwetu waliouza mbuzi ao kilo za kasiteriti ili mtoto asome walikuwa na jina moja mdomoni: Alfajiri, koleji ya Wayezuiti. Kule Lwiro, njia ya kaskazini, Wabelgiji walianza mwaka 1947 kituo kikubwa cha uchunguzi wa sayansi. Na hospitali ya Panzi, iliyofunguliwa 1999, ni kazi ya Dr Denis Mukwege, mtoto wa mji huo, aliyezaliwa kule 1955, baba yake akiwa pasta. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Nobel ya amani kwa ajili ya kutibu wanawake waliotendewa jeuri ya vita. Wagonjwa wake wengine walitoka katika vijiji vyetu.

Ya pili ni heshima ya mavazi na ya maneno. Mtu wa Bukavu hata akiwa na franga kidogo atapiga kiatu rangi. Atakusalimia kwanza, atauliza habari za nyumbani, ndipo ataleta shida yake. Sisi wa mgodi tunacheka: "Bale batu ba Bukavu banaongea sawa banasoma barua." Lakini ukikaa nao wiki mbili, na wewe unaanza kusema "tafazali".

Ya tatu ni ziwa. Usiku utaona taa nyingi juu ya maji. Ni wavuvi wa sambaza. Wanafunga mitumbwi mitatu pamoja, wanaweka miti mirefu mbele na nyuma kwa ajili ya wavu, na wanapiga kafi wakiimba ili mikono iende pamoja. Wengi hufikiri samaki huyu ni wa asili ya Kivu. Hapana. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, na ziwa lililokuwa na samaki kidogo likaanza kulisha watu wengi. Basi hata sambaza alikuja Bukavu akiwa mgeni, akakaa, na leo hakuna anayemwuliza kitambulisho.

Ya ine ni mpira wa miguu. Usiingie katika nyumba ya Kadutu ukasema Muungano ao Dawa bila kujua mwenye nyumba anapenda timu gani. Upole wote ule niliosifu hufika mwisho kwenye mlango wa Stade de la Concorde!

Vita ilipogonga mlango

Mji uliojengwa kwa ajili ya kimya umepata kelele kuliko miji mingi.

Mwaka 1964 waasi wa Simba walifika, wakasukumwa na jeshi la Koloneli Léonard Mulamba. Kiwanja kimoja cha mji kina jina lake. Mwezi wa nane 1967 Jean Schramme, Mbelgiji aliyekuwa na shamba, akaingia na askari wa kukodishwa. Walikaa humo karibu miezi mitatu. Mwezi wa kumi na moja wakavuka kwenda Rwanda, wakaacha mji umebomoka na kuibwa.

Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari kule Rwanda, watu kwa mamia ya maelfu walivuka mpaka. Viwanja, pembeni ya barabara, kila mahali palikuwa moto wa kupikia, na miti ikakatwa. Mwezi wa kumi 1996 vita ikafuata. Tarehe 29 ya mwezi ule Askofu mkuu Christophe Munzihirwa, aliyekuwa akisema wazi kwamba kila mtu ana haki ya kuishi, aliuawa barabarani. Mwaka 2004 mji ulikamatwa kwa siku chache, na wanawake waliteswa. Tarehe 3 ya mwezi wa pili 2008 nchi ilitetemeka na kupasua makanisa na nyumba. Na mwaka 2025 M23 waliingia Goma mwezi wa kwanza, Bukavu mwezi wa pili. Mwezi wa tatu walifika hata Walikale. Hayo hatuhitaji kuwaeleza ninyi. Mlikuwa njiani na magodoro kichwani.

Kila mara watu wa Bukavu walirudi, wakaosha barza, wakafungua shule. Hiyo nayo ni tabia ya mji.

Mlima unaposhuka

Lakini adui mwingine hana bunduki. Anakuja na mvua.

Kila vita ya vijijini ilisukuma watu mjini. Mji uliopangwa kwa watu kidogo ukapokea watu wengi mno. Waliokuja wakajenga palipobaki: juu ya mifereji, katika mteremko uliokuwa wa miti, chini ya nyumba ya jirani. Waliouza nchi hiyo walijua. Waliotoa karatasi walijua. Leo mvua ikinyesha usiku, kule Kadutu mama halali, anasikiliza ukuta. Moto nao ukishika ubao mmoja, unakula mstari mzima, kwa sababu hakuna njia ya gari wala ya maji.

Na taka? Chupa na mifuko ya plastiki inashuka na mifereji, inaingia ziwani, inafuata mkondo mpaka Ruzizi, inaziba mitambo ya umeme. Taa inazimika. Basi mtu anatupa chupa asubuhi, jioni anakaa gizani akilaumu serikali. Serikali ina makosa yake, ni kweli. Lakini chupa ile ilikuwa na mkono ulioitupa.

Niwaambie jambo la nyumbani kwetu. Mjomba wangu alikuwa negosian wa kasiteriti upande wa Walikale. Alitembea miaka mingi, akabebesha mizigo kutoka msituni, akapata. Akasema, "Mimi sitakufa katika hema. Nitajenga Bukavu, nione maji." Mtu mmoja akamwuzia parsele kwenye mteremko, na ofisi moja ikaweka muhuri. Mahali palikuwa pazuri kweli: ziwa lote mbele ya macho. Hakuuliza kwa nini hapakuwa na nyumba ya zamani hata moja pale. Msimu wa tatu wa mvua, udongo ukashuka usiku. Mungu alisaidia, watoto walikuwa wamelala kwa shangazi. Miaka kumi na mine ya kazi ikawa matope kwa robo saa. Mjomba hakulia. Alisema tu, "Mimi mutu wa mugodi, sikuangalia udongo."

Nani anajua udongo kuliko sisi? Tumeona mashimo yakifunga mdomo juu ya vijana. Lakini tukifika mjini tunaangalia rangi ya ukuta.

Basi, wewe unayeweka franga ili ununue parsele, iwe Bukavu, iwe Goma, iwe Sake, ufanye hivi kwanza. Uende pale siku ya mvua kubwa, si siku ya jua; uangalie maji yanapita wapi. Uulize majirani wa zamani, si mwuzaji. Utafute nyufa katika udongo na miti iliyoinama. Ukute karatasi ofisini wewe mwenyewe, na mke wako awepo, na jina lake liandikwe. Kama wazee wa mahali waliacha nafasi bila kujenga, usifikiri walikuwa wajinga.

Na kambi yetu?

Sasa tufike kule nilikoahidi.

Bukavu ilipata uzuri wake kutoka kahawa ya milima na bati ya misitu. Hata kama ulijengwa kwa udhalimu, waliojenga waliacha kitu: mifereji, shule, umeme, miti. Sisi nasi tumetoa mali mingi katika nchi hii. Bisie peke yake, tangu mwanzo wa miaka ya 2000, ilibebwa mgongoni mwa vijana mpaka Njingala, kiisha ikapanda ndege ndogo zilizotua juu ya barabara kule Kilambo. Mwaka 2019 kampuni ilianza kutoa bati pale kwa mashini. Koltani ya Rubaya iko ndani ya simu za dunia yote. Na kambi zetu? Turubai, mbao, matope, baa. Tunaishi sawa watu wanaongoja gari, na gari halijafika, na watoto wamezaliwa tukingoja.

Mara mingi tunasema, "Hapa si kwetu, tutajenga mjini." Ni neno lile la mzungu wa barza, ila limegeuzwa. Yeye alichoma jasho la hapa ili apumzike kule. Nasi tunafanya vilevile na jasho letu wenyewe. Mahali panapotulisha hatupandi hata mti mmoja.

Sisemi tujenge hoteli. Nasema mfereji mmoja. Choo kilicho mbali na kisima. Mstari wa miti juu ya mteremko. Darasa lenye sakafu. Njia ya upana wa machela, mgonjwa apite. Salongo ya siku moja kwa mwezi inaweza hayo, bila kungoja kamati ya Kinshasa. Na mistari ile ya zamani tusiichore upya: huyu mwenyeji, yule wa kuja, huyu negosian, yule kreseri. Sambaza alikuja kutoka Tanganyika, na leo analisha wote.

Jioni hii, baba, mama, watoto, mkiisha kula, mwulizane maswali matatu. Maji ya mvua yanapita wapi katika kambi yetu? Mwaka jana mgodi ulitupa kiasi gani, na tulipanda nini nacho? Na mtoto wetu akiulizwa kesho kwao ni wapi, atataja mahali hapa bila haya?

Kama siku moja utashuka Bukavu, usimame kidogo kwenye La Botte jua likitua. Uangalie maji. Ni mazuri kweli, na una haki ya kuyafurahia, kwa maana babu yako alilipa. Kiisha urudi, na pale mlangoni kwako uchimbe mfereji.